Shavu la Mama

Mdogo wangu Derick anakula senene, wale panzi wetu wa kukaanga, huku anachapa kwenye kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza lililonichefua, na mengine yote yalifuata hapo hapo. Anachota kwenye bakuli, anatafuna, halafu vidole vilevile vinavyong'aa mafuta anavirudisha kwenye vitufe vya kompyuta yangu. Miguu ya senene imezama chini ya herufi, ukibonyeza kitu unasikia kinavunjika. Nilipomwambia akanawe alinijibu, "Dada, kwa hilo kuna mbinu. Unaigeuza kompyuta kifudifudi, unaipigapiga mgongoni, uchafu unatoka wenyewe." Kunawa kwenyewe hakunawa.

Derick anakaa Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu yeye ndiye mtaalamu. Kila asubuhi anatuma kitu. Mbinu za kuifanya kompyuta yako ikimbie. Programu za bure ambazo hukuwahi kuzijua. Namna ya kuigeuza picha mbaya iwe nzuri kwa dakika moja, bure, bila kujisajili. Wajomba wanampigia makofi ya manjano, shangazi zetu wanamwandikia "ubarikiwe mwanetu". Mimi nafundisha sekondari hapa Bukoba na kompyuta naijua kiasi changu, kiasi cha kutosha kuona kwamba nusu ya anayotuma ameyaokota mahali na hajawahi kuyajaribu. Nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya amani ya ukoo. Siku hizi hata hiyo amani inanitia kinyaa.

Desemba alikuja nyumbani, kama Wahaya wote wa Dar wanavyokuja, na safari hii kulikuwa na jambo. Mama yetu, Ma Kokwijuka, alikuwa anatimiza mwaka tangu tumzike kibanjani kwetu Maruku, katikati ya migomba yake. Misa ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi, na juu ya kaburi tulikubaliana kuweka kigae chenye picha yake, ili hata wajukuu ambao hawakumfahamu wawe wanamwona.

Shida ni kwamba Mama alikuwa hapendi kupigwa picha. Kwenye picha za harusi yangu amejificha nyuma ya kofia ya mtu. Ile ya kitambulisho imetoka nyeusi, unaona macho tu. Picha yake ya maana ilikuwa moja, na niliipiga mimi. Nilimkuta barazani anatafuna akamwani, ile kahawa yetu inayochemshwa na maganda yake ikakaushwa, ambayo mgeni haanzi kueleza kilichomleta kabla hajapewa. Kahawa ilikuwa shavuni, shavu la kushoto limetuna, na mkono ameunyoosha ananipa na mimi, huku anacheka hadi pengo la mbele linaonekana. Nikampiga kwa simu kabla hajajifunika uso. Simu ile baadaye iliingia maji ikafa, ila picha nilikuwa nimeshaihamishia kwenye kompyuta. Kwenye kundi sikuituma. Ilikuwa ya kwangu na Mama, na kundi lile lina midomo mingi.

Alhamisi nilimwachia Derick kompyuta atengeneze kijitabu cha misa, mimi nikapanda gari kwenda Muleba kumwita mama mdogo Agnetha, mdogo wake Mama, ndiye mwanamke peke yake aliyebaki kwao. Mtu wa umri ule humwiti kwenye misa ya dada yake kwa simu. Unakwenda, unakaa, unatafuna alichokupa, ndipo unasema. Nilikaa, nikatafuna, nikasema.

"Mtaweka picha gani?" akaniuliza.

"Ile niliyowahi kukuonyesha, mama mdogo. Ile anayo akamwani mdomoni."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Yeye na Mama walikuwa na mtindo wao tangu wasichana: wakikutana, mmoja anaipasua punje ya kahawa kwa meno, nusu anabaki nayo, nusu anamtilia mwenzake mdomoni. Walifanya hivyo wamezeeka na meno yamebaki machache. Watu wengine walikuwa wanaona uchafu, mimi nilikuwa naona raha.

"Basi nitakuja," mama mdogo akasema. "Nitamletea ya kwake."

Nikiwa njiani kurudi, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Kundi la ukoo limechangamka. Derick ametuma picha, na chini yake ameandika, "Mama yetu, baada ya marekebisho. Programu ya bure kabisa, mkitaka niwatumie kiungo."

Niliikuza picha ile hadi mwisho. Mwanamke niliyemwona ana ngozi ya chungwa lililoiva, nyororo haina hata kipele. Pengo limezibwa, meno yamepangwa meupe kama vigae vya bafuni. Amevikwa hereni, Mama ambaye masikio yake hayakutobolewa. Migomba imefutwa, nyuma yake kuna mawingu na maua ambayo Kagera hayajawahi kuota. Mkono uliokuwa unatoa kahawa, mashine haikuelewa unatoa nini, ikaupa shada la waridi. Vidole nilivihesabu, nikarudia, vilikuwa sita. Na shavu la kushoto lilikuwa limesawazishwa, bapa, sawa na la kulia.

"Malaika wetu," ameandika mjomba. "Jamani Mama alikuwa mrembo, hatukujua," ameandika binamu, ambaye kala ndizi za Mama miaka yote ya shule yake. Nikamwomba abiria wa dirishani afungue kioo.

Nilimkuta Derick sebuleni kwangu Rwamishenye, bakuli la senene pajani. Kwenye kioo cha kompyuta yangu kulikuwa na takataka mpya kila pembe: saa isiyosoma saa, mchezo wa karata, na tangazo la msichana aliyevaa kipande cha kitambaa anayesema amejitokeza karibu na mimi hapa Rwamishenye. Baadaye nilisikia kwamba katekista alipoleta orodha ya masomo ya misa alimkuta msichana huyo amejaa kioo kizima, akaacha karatasi mlangoni akaondoka.

"Picha ya Mama iko wapi?" nikamuuliza.

"Si nimeituma? Hukuiona?"

"Ya kwangu. Ile niliyoipiga mimi."

"Aa, ile." Akalamba kidole. "Nilipitisha programu ya kusafisha, dada. Kompyuta yako ilikuwa imejaa, inakwenda kwa kujikokota. Ile ya zamani nikaifuta, maana sasa tunayo nzuri. Na pipa nikalimwaga. Hiyo ndiyo mbinu ya kwanza kabisa, watu wengi wanasahau kumwaga pipa."

Nilikaa chini. Nikamuuliza hiyo programu iliyomrembesha Mama iko kwenye tovuti gani, labda walibaki na nakala tuliyowapelekea. Hakujua. Ilitokea tu alipotafuta, alitazama matangazo, akapandisha picha, akapewa nyingine. Na kumbukumbu za tovuti alizopita nazo alishazisafisha, kwa sababu hiyo ndiyo mbinu ya pili. Kwa hiyo uso wa mama yangu uko kwa watu tusiowajua wala hatujui wataufanyia nini, na sisi wenye mama hatunao. Hivyo ndivyo vitu vya bure vya Derick.

"Lakini Derick, lile shavu umelitoa kwa nini?"

"Sikulitoa mimi, ni programu yenyewe iliona lina kasoro. Na kweli, dada, ile picha ilikuwa mbaya. Watu wangeuliza ni uvimbe gani ule. Wangesema alikufa kwa kansa ya taya."

"Ni akamwani, Derick. Umezaliwa nyumba ile, umelelewa kwenye kahawa, unaona akamwani unaita uvimbe?"

Akasema tu kwamba mimi ni mwalimu, iweje nisiwe na nakala ya pili mahali pengine. Swali hilo lilinichoma kwa kuwa lilikuwa la haki, na kumsikia akiuliza jambo la haki na bawa la senene limemganda mdomoni kulinikera zaidi. Wakati huo huo niliona mstari wa kijani unatembea chini ya kioo. Alikuwa anashusha nyimbo za kwaya, video kwa video, za kupiga siku ya misa.

Nilichomoa waya ukutani, nikang'oa na betri. Derick alishtuka akamwaga bakuli.

"Sikiliza," nikamwambia, "kompyuta kama hii ya zamani ukifuta kitu haikitupi. Inabandua jina mlangoni tu, mwenye chumba bado yumo. Ila ukileta kitu kipya, kinaweza kupewa chumba hicho hicho, na hapo wa zamani ndiyo basi tena. Wewe umeshusha nyimbo mchana kutwa juu ya kichwa cha Mama."

Akasema hilo hakuwahi kulisikia. Nilimwambia naona.

Ijumaa asubuhi nilikwenda shuleni na kompyuta yangu, ofisini hapakuwa na mtu maana ni likizo. Nikatumia kompyuta ya pale kushusha programu ya kufufua faili, nayo ya bure, ndiyo, lakini niliyoijaribu mwenyewe kwa mitihani ya wanafunzi iliyowahi kufutika. Nikaiweka kwenye flashi. Kwenye kompyuta yangu sikuingiza kitu hata kimoja. Niliiendesha programu kutoka kwenye flashi, na kila kilichofufuka nikakitoa kwenda kwenye flashi nyingine. Nawaambia hivi kwa sababu hii ndiyo mbinu ambayo Derick hajawahi kuituma.

Vilifufuka vitu ambavyo ningependa vibaki vimekufa. Matangazo ya dawa za kuongeza makalio. Nyuso za wachezaji mpira. Yule msichana wa karibu yangu, mara nyingi nyingi. Vyote vimepoteza majina, vina namba tu, ikabidi nifungue kimoja kimoja, nachambua uchafu wa watu wengine kumtafuta mama yangu. Jua lilishapanda nilipomfungua.

Alikuwepo. Paji la uso, macho yaliyofinywa na kicheko, pengo, na shavu lake limetuna vilevile. Lakini kuanzia kifuani kushuka chini picha ilikuwa kijivu kitupu. Mkono haukuwepo. Nyimbo za kwaya zilikuwa zimeukalia mkono, na kahawa iliyokuwa kwenye vidole. Nilifungua tena na tena kwa programu nyingine, kijivu kilikuwa kilekile. Nililia pale ofisini, halafu nikanawa uso kwenye bomba la nje na kwenda mjini.

Vigae vya picha na mabango mjini anatengeneza Najibu, kijana mwenye duka dogo na mashine inayonuka wino wa moto. Nilimkuta Derick ameshafika na kigae kiko mezani, kimekamilika: chungwa, hereni, waridi, vidole sita. Nikamwekea simu mbele yake.

"Nimempata."

Akatazama. Kwa kitambo nilidhani kimemwingia kitu. Kisha akasema, "Lakini dada, watu wameshaipenda hii. Kundi zima limekubali. Na hiyo yako imekatika."

"Imekatika kwa sababu yako."

"Tusigombane mbele za watu."

Nilimwonyesha jambo jingine. Simu yangu ina ile programu ya picha inayopanga nyuso za watu, kila mtu inamtengea albamu yake. Picha ya Derick ilikuwa imeingia kwa kupitia kundi, na programu ilikuwa imeitengea albamu mpya, peke yake, halafu inauliza, huyu ni nani, andika jina. Picha yangu ya Mama, nilipoihamishia tu kwenye simu, ilikuwa imekwenda yenyewe kuingia kwenye albamu yangu mimi. Iko katikati ya picha zangu za mahafali na za shambani. Chini kuna jina langu, Joviana.

"Unaona?" nikamwambia. "Mashine yenyewe inajua huyu ni wa kwetu. Yule wa kwako inauliza ni nani."

Derick akasogeza simu kando kwa kidole kimoja. "Dada, hizo programu za bure huwa zinakosea."

Nilicheka kicheko kibaya. Najibu, aliyekuwa anajifanya hasikii, akakohoa. Derick akachukua kigae chake, akakifunga kwenye gazeti, akaondoka nacho.

"Mwalimu, siku hizi wote wanaleta za namna hiyo," Najibu akaniambia. "Weupe, meno, maua. Mimi natengeneza tu, ndiyo kazi. Lakini naona makaburi ya mji huu yatajaa mtu mmoja."

Nikamwambia anitengenezee cha pili. Akakata kijivu chote, akabakiza uso na mabega. Kilipopoa nilikifunga kwenye kanga ya Mama, nikakitia kwenye mkoba. Sikujua nitakifanyia nini, maana saruji ya kaburini ingekuwa ya Derick na fundi alikuwa ameitwa na Derick.

Jumamosi misa ilikwenda vizuri. Kijitabu kilikuwa na yule mwanamke kwenye jalada na watu walikuwa wanajipepea naye kanisani. Tulipotoka tukashuka kwa miguu hadi kibanjani, tukalizunguka kaburi. Fundi alikuwa amebandika kigae asubuhi ile. Watu walisogea mmoja mmoja kukipiga picha kwa simu zao, wanasema amependeza, amependeza sana. Mjomba alimpongeza Derick kwa kumshika bega. Mimi nilisimama kwenye mgomba na mkoba wangu, nimekunja midomo nisije nikasema la kuharibu misa ya mama yangu.

Mama mdogo Agnetha alikuwa amechelewa, gari la Muleba lilikuwa bovu. Alifika anajikongoja na fimbo, watu wakampisha. Macho yake bado ni mazima. Kwenye kiganja alikuwa na kijifungu cha jani la mgomba, akakifungua, akatoa punje moja ya akamwani, akaipasua kwa jino. Halafu akainama kwenye kaburi, mkono na ile nusu uko mbele, na mkono ukabaki hewani.

Alikitazama kigae muda mrefu. Akatazama kushoto na kulia kwake, kama anadhani amepelekwa kwenye kaburi lingine. Hakuna aliyemsaidia.

"Kokwijuka hajawahi kunipokea na mdomo mtupu," akasema.

Derick akamsogelea, akaanza kumweleza kwa sauti ya upole ya watu wa bima. "Mama mdogo, ndiye mwenyewe. Ni teknolojia tu, tumemrekebisha kidogo."

"Alikuwa na ubaya gani?"

Wale wa simu wakazishusha. Mama mdogo alisimama pale na nusu yake ya kahawa, mzee amesafiri kutoka Muleba na hana wa kumpa. Kisha akanitafuta kwa macho, akaja hadi kwenye mgomba wangu.

"Asama, waitu," akaniambia. Kwa Kihaya ni, fungua mdomo, wa kwetu.

Nikafungua, akanitilia nusu ile. Ilikuwa na chumvi na harufu ya majani iliyochemshwa nayo, na ilikuwa imelowa kidogo mate yake. Niliisukumia shavuni upande wa kushoto, maana ndivyo tunavyotafuna kwetu, na Mama ndiye aliyenifundisha. Mama mdogo akanishika kidevu akanitazama, akaanza kulia na kucheka pamoja, na mimi nikacheka, siwezi kusema kwa nini.

Derick alikuwa ananitazama. Alilitazama shavu langu, akageuka akatazama kigae, akarudi kwangu. Alipiga magoti na suruali yake ya sherehe, akatoa funguo za gari alilokodi, akaanza kuchokonoa saruji kwenye ukingo wa kigae. Mjomba alimwambia aache, anaharibu. Hakuacha. Saruji ilikuwa bado mbichi na kigae kilitoka kizima, akakilaza uso chini kwenye majani makavu.

Kisha, bila kuinua kichwa, akaninyooshea mkono. Nilishangaa amejuaje kwamba ninacho. Labda Najibu alimwambia, labda ananifahamu tu. Nilifungua mkoba, nikaifungua kanga, na Mama akatoka na shavu lake.

Mkono wa Derick ulikuwa bado hewani unanisubiri, una saruji, na chini ya saruji kwenye kucha niliona mafuta ya senene.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.

Akaenda kunawa.